Kichanga kwenye gari kwa mara ya kwanza: masharti ni mengi ila yote yanatoka sehemu mbili

Mtoto akizaliwa tu ushauri unaanza kumiminika, na kwenye suala la gari ndo unachanganya kuliko kote. Mmoja anakwambia mtoto aelekezwe nyuma, mwingine anasema atateseka haoni mbele, huyu anataka kiti kilale zaidi ili apumue vizuri, yule anasema kisilale sana, nesi anakwambia usimvalishe sweta zito, bibi yake anataka aviringishwe blanketi tatu, af ukifungua kitabu cha maelekezo cha kiti chenyewe unakutana na michoro na mishale kibao mpaka unakifunga. Wazazi wengi wanaishia kufuata nusu ya ushauri, na kawaida ni ile nusu rahisi.

Mimi naona shida sio wingi wa ushauri, shida ni kwamba watu wanapewa masharti bila kupewa sababu. Ukiijua sababu, hata ukisahau ukurasa fulani wa kitabu unaweza kufikiri mwenyewe ukapata jibu. Na sababu zenyewe ni mbili tu, shingo ya kichanga na njia yake ya hewa. Kinachovuruga watu ni kwamba hizi mbili zinavutana. Gari likigonga, shingo inalindwa vizuri zaidi mtoto akiwa wima kiasi na kabanwa barabara. Lakini kwa upande wa kupumua, kichanga angependa alale chali flati bila kubanwa na kitu. Haiwezekani kumpa vyote kwa asilimia mia, kwa hiyo kiti cha gari cha mtoto kimetengenezwa katikati, na karibu kila sharti unalolisikia lipo kwa ajili ya kutunza hiyo katikati isiegemee upande mmoja.

Tuanze na shingo

Kichwa cha mtoto aliyezaliwa juzi ni kama robo ya urefu wake wote, wakati wewe kichwa chako ni kama sehemu moja ya saba au ya nane ya urefu wako. Kwa hiyo kabeba kichwa kizito kisicholingana kabisa na mwili, halafu kinachokishikilia ni shingo ambayo misuli haina nguvu bado, kano zimelegea, na pingili zake sehemu kubwa ni gegedu ambayo haijawa mfupa. Shingo ya namna hiyo ikivutwa ghafla inavutika kweli, ila ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo hauna uwezo wa kuvutika kiasi hicho, na hapo ndo penye hatari.

Sasa fikiria ajali ya kugonga kwa mbele, ambayo ndo aina ya kawaida zaidi kwenye ajali kubwa. Gari linasimama ghafla, kila kilichomo ndani kinaendelea kwenda mbele kwa spidi ile ile. Mtoto akiwa kaelekezwa mbele mikanda itamshika mabega na nyonga, lakini kichwa hakijashikwa na chochote, kinarushwa mbele na shingo ndo inabeba mzigo wote. Mgeuze aangalie nyuma, ajali ile ile, spidi ile ile, sasa mgongo na shingo na kichwa vyote vinasukumwa kwa pamoja kwenye mgongo wa kiti, nguvu inasambaa eneo kubwa na kichwa kinabaki kwenye mstari mmoja na mwili. Hiyo ndo sababu yote ya kuangalia nyuma, hamna ingine.

Wazo lenyewe lilianzia Uswidi miaka ya 1960. Profesa Bertil Aldman wa chuo cha Chalmers aliona jinsi wanaanga wa Marekani kwenye mradi wa Gemini walivyokuwa wanalazwa migongo kwenye viti vyao ili ile nguvu ya roketi inapopaa isambae mgongo mzima, akaona mtoto kwenye gari naye anaweza kulindwa hivyo hivyo, na mwaka 1964 Volvo wakaanza kujaribu kiti cha mtoto cha kuelekea nyuma. Mpaka leo kule mtoto kukaa anaangalia nyuma hadi miaka minne ni jambo la kawaida. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inayoitwa R129, watu wengi wanaijua kwa jina la i-Size, inataka mtoto aangalie nyuma angalau mpaka atimize miezi 15, na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani tangu 2018 kinasema aangalie nyuma kwa muda mrefu kadiri kiti chake kinavyoruhusu kwa uzito na urefu. Kuhusu kuteseka kwa kutoona mbele, kichanga wa wiki za kwanza anaona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, hana anachokikosa huko mbele.

Wapo wanaoamini mikono ya mama ni salama kuliko kifaa chochote, na hili nataka nilipigie hesabu kabisa maana ndo linaloua. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, hiyo ni kama mita 14 kwa sekunde. Likigonga kitu kigumu likasimama ndani ya nusu mita, yaani pale bodi ya mbele inapojikunja, nguvu ya kusimamishwa inafika karibu mara 20 ya uzito wa kila kilichomo. Mtoto wa kilo tatu na nusu kwa hiyo sehemu ya sekunde anakuvuta mikononi kama mzigo wa kilo 70. Hakuna mzazi anayeweza kuushika mzigo huo ghafla bila kujiandaa, hata awe na nguvu vipi, hata ampende vipi. Na ukisema basi ufunge mkanda mmoja uwazungushe wote wawili, ndo mbaya zaidi, mwili wako ndo utamkandamiza kwenye mkanda.

Siti ya mbele jibu lake ni fupi. Kiti kinachoelekea nyuma kisiwekwe mbele ya mfuko wa hewa ambao haujazimwa, kamwe. Ule mfuko unafumuka kwa kasi inayozidi kilomita 200 kwa saa, na mgongo wa kiti cha kichanga ambapo kichwa chake kimeegemea upo karibu kabisa na dashibodi, kwa hiyo kitakachopigwa cha kwanza ni pale pale penye kichwa. Haihitaji hata ajali kubwa, mgongano mdogo unaweza kuufumua. Mweke nyuma. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2008 kuhusu watoto mpaka miaka mitatu ambao ulikuta siti ya nyuma ya katikati ina usalama zaidi kwa asilimia 43 kuliko za pembeni, kwa sababu rahisi tu kwamba iko mbali na milango yote miwili, ila hiyo ni kama kiti kinakaa imara pale katikati, maana magari mengi siti ya kati ina kinundu au mkanda wake mfupi, na kiti kilichokaa imara pembeni ni bora kuliko kinachoyumba katikati.

Sasa upande wa pili, pumzi

Hapa ndo wazazi wengi hawajaambiwa kabisa. Njia ya hewa ya kichanga ni nyembamba, kama milimita 4 au 5 hivi, na ni laini, ikikunjwa inajifunga kirahisi. Halafu kisogo chake kimejitokeza nyuma kikubwa, kwa hiyo akikalishwa kile kisogo chenyewe kinakisukuma kichwa mbele, na shingo hana nguvu ya kukirudisha.

Mtazame kichanga aliyelala kwenye kiti kilichosimama mno. Kichwa kinaanza kuinama pole pole, kila gari likiruka tuta kinashuka kidogo, mpaka kidevu kinagusa kifua. Unaweza ukasikia kama anakoroma kwa mbali au anatoa kasauti ka kukwaruza kila akivuta hewa, tumbo linaingia ndani sana chini ya mbavu. Af kunakuwa kimya. Mzazi aliyekuwa na wasiwasi wa kilio anashukuru, mtoto kalala jamani, kumbe huo ndo wakati wa kumwangalia zaidi, kwa sababu kichanga asiyepata hewa ya kutosha halii, ananyamaza tu. Ukimkuta hivyo unasimamisha gari sehemu salama, unamnyanyua kidevu, unamtoa kwenye kiti, na kama midomo imebadilika rangi au haamki upesi hiyo ni dharura, unaomba msaada wa kitabibu hapo hapo.

Ndo maana kuna suala la mlalo wa kiti. Viti vingi vya kichanga vinatakiwa vikae kwenye mlalo wa kati ya nyuzi 30 na 45 kutoka wima, na kwa aliyezaliwa tu ni karibu zaidi na hizo 45. Ukikisimamisha zaidi kidevu kinaanguka kifuani. Ukikilaza zaidi ya hapo unaharibu upande wa shingo, kwa sababu gari likigonga mtoto atateleza kupanda juu kuelekea kichwani mwa kiti badala ya mgongo wake kuegemea, na mzigo unahamia mabegani. Kwa hiyo yule aliyekwambia kisilale sana na yule aliyekwambia kisisimame sana wote walikuwa sahihi, kila mmoja alikuwa anaongelea nusu yake.

Pembeni ya kiti kawaida kuna alama ya kupimia, inaweza kuwa mstari unaotakiwa ulale sawa na ardhi, au kagololi au kapovu kanakotakiwa kasimame kwenye rangi fulani. Hii alama inasema kweli gari likiwa limesimama sehemu tambarare tu, watu wanakifunga kiti gari likiwa kwenye mwinuko wa geti halafu wanashangaa. Na siti za magari nazo zinatofautiana, nyingine zimeinama sana kwa ndani, kwa hiyo kiti kile kile kilichokaa sawa kwenye gari la dada yako kinaweza kukaa vibaya kwenye lako. Viti vingine vina mguu au kitasa cha kurekebisha, vingine kitabu kinaruhusu kuweka taulo lililokunjwa kwa chini. Fuata kitabu cha kiti na kitabu cha gari vyote viwili, ndo sehemu pekee nitakayosisitiza vitabu.

Sasa, hata ukiupata kabisa ule mlalo, bado mtoto hajalala flati, yuko kwenye makubaliano tu, na makubaliano hayo yana muda wake. Hapo ndo linapotoka lile sharti la nusu saa. Kwa wiki chache za mwanzo ushauri unaotolewa sana ni kwamba asikae kwenye kiti zaidi ya dakika 30 hivi kwa mkupuo, na akishakua kidogo isizidi saa mbili bila kutolewa akanyooshwa. Watafiti wa Bristol, Uingereza, kwenye kazi iliyotoka 2016 waliwaweka vichanga 40, wengine njiti na wengine waliotimiza miezi, kwenye kiti kilichotikiswa kama gari linavyotembea, wakaona mapigo ya moyo na kupumua vinapanda na oksijeni kwenye damu inashuka ukilinganisha na wakiwa wamelazwa flati. Haimaanishi safari ni mwiko, inamaanisha safari ndefu za lazima zigawanywe vipande vipande na zile zisizo za lazima zisubiri. Ila elewa kwamba nusu saa inahesabiwa tangu umfunge kwenye kiti, haihesabiwi tangu gari liondoke. Foleni inahesabika. Dakika kumi ulizomwacha kafungwa huku unatafuta funguo nazo zinahesabika.

Kama mtoto ni njiti, yaani kazaliwa kabla ya wiki 37, muulize daktari kabla hamjaruhusiwa. Hospitali nyingi zina kipimo chake, mtoto anafungwa kwenye kiti chake mwenyewe kwa dakika 90 hadi 120 huku kaunganishwa mashine ya kuangalia oksijeni, mapigo na pumzi, na akishindwa wanaweza kupendekeza asubiri au asafiri kwenye kitanda maalum cha gari ambacho analala flati.

Na likija suala la kufika, hapa naomba mzazi mwenzangu unisikilize vizuri. Mtoto kalala kwenye kile kiti cha kubebeka, mmefika nyumbani, roho inasita kumwamsha, unakiweka kiti sebuleni unamlegezea mikanda kidogo apumzike. Usifanye hivyo. Marekani walipochambua vifo vya watoto wachanga vilivyotokea usingizini kati ya 2004 na 2014 walikuta 348 vimetokea kwenye vifaa vya kukalia, zaidi ya sita kati ya kila kumi ilikuwa ni kiti cha gari, na katika hivyo vya kiti cha gari chini ya mmoja kati ya kumi ndo kiti kilikuwa kinatumika inavyotakiwa. Kiti kikiwa kimefungwa kwenye gari mlalo wake ni sahihi. Kikiwekwa sakafuni au kwenye kochi mlalo unabadilika, na mikanda iliyolegezwa inampa nafasi ya kuteleza chini mpaka imkabe shingoni. Mtoe, mlaze chali kwenye godoro gumu flati, akiamka utambembeleza.

Kufunga chenyewe

Kuna vifungo viwili tofauti na watu wanavichanganya, kufunga kiti kwenye gari na kufunga mtoto kwenye kiti. Kimoja kikiwa legelege kingine hakisaidii kitu.

Kiti kwenye gari kinafungwa ama kwa mkanda wa gari au kwa zile ndoano za isofix zinazoingia kwenye vyuma vilivyojificha kati ya mgongo na kikalio cha siti. Kimoja sio salama kuliko kingine kikifungwa vizuri, isofix ni rahisi tu kuipatia. Usitumie vyote kwa pamoja ukidhani unaongeza usalama, labda kitabu kiseme hivyo. Ukitumia mkanda, kwenye viti vingi njia ya mkanda kwa mtoto anayeangalia nyuma imewekewa alama za bluu, nyekundu ni za kuangalia mbele. Mkanda usijikunje popote. Ukimaliza shika kiti pale mkanda unapopita, kitikise kushoto kulia kwa nguvu ya kawaida, kikicheza zaidi ya sentimita mbili na nusu rudia. Kama kina mguu wa kusimama sakafuni hakikisha chini yake hakuna kile kisanduku cha kuhifadhia vitu chenye mfuniko, unaweza kubonyea.

Mtoto kwenye kiti sasa. Msukume makalio nyuma mpaka yaguse kabisa kona ya kiti, mgongo uwe umelala wote, pasiwe na nafasi. Mikanda ya mabega kwa anayeangalia nyuma itoke kwenye mgongo wa kiti usawa wa mabega yake au chini kidogo, isitoke juu ya mabega. Funga kifungio usikie mlio, halafu vuta kile kikamba cha mbele pole pole huku mkono mwingine unaondoa ulegevu kuanzia nyongani kuja juu, maana ulegevu huwa unajificha mapajani. Kisha nenda kwenye mtulinga, ule mfupa kati ya shingo na bega, jaribu kuubana mkanda kwa vidole viwili kama unavyokusanya kitambaa. Vidole vikikusanya mkunjo, bado umelegea. Vikiteleza tu, basi. Kama kiti chako kina klipu ya kifuani iwe usawa wa kwapa, ikishuka tumboni itabonyeza viungo laini ambavyo havina mbavu za kuvikinga.

Suala la sweta na blanketi lipo hapa hapa. Nguo nene ina hewa ndani yake, na kwenye ajali ile hewa inabanwa yote kwa mara moja, mkanda uliokuwa umekaza ghafla unakuwa na nafasi na mtoto anachomoka. Kama huamini fanya hivi, mvalishe koti zito, mfunge ukaze mpaka vidole viteleze, mtoe bila kugusa urefu wa mikanda, mvue koti, mrudishe umfunge tena. Ule ulegevu utakaouona ndo ulegevu ambao ungekuwepo siku ya ajali. Kwa hiyo nguo nyepesi, mkanda ulale karibu na mwili, halafu blanketi linatandikwa kwa juu baada ya kufunga, chini ya kidevu, mbali na uso. Hivyo bibi anapata blanketi lake na nesi anapata alichotaka. Vimito na vishikizi vya kichwa ambavyo havikuja na kiti viache kabisa, havijajaribiwa pamoja na kiti hicho na vingine ndo vinavyosukuma kidevu kifuani.

Dereva naye

Watu wanawaza spidi, na wengi siku ya kwanza wanaendesha taratibu sana mpaka wanakuwa kero barabarani. Mimi nina wasiwasi zaidi na usingizi. Utafiti wa 1997 uliochapishwa kwenye jarida la Nature ulionyesha mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo utendaji wake unashuka kufikia wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na nchi nyingi kiwango hicho ndo mwisho unaoruhusiwa kisheria. Mzazi wa kichanga analala vipande vipande vya saa moja moja, sasa huyo baba aliyekesha leba siku nzima na usiku wake ndo tunampa funguo awarudishe wote nyumbani. Kama kuna ndugu au rafiki aliyelala usiku, yeye aendeshe. Sio jambo la aibu.

Mama aliyejifungua kwa oparesheni mara nyingi anaambiwa asubiri wiki nne hadi sita kabla ya kuendesha, na kinachoangaliwa zaidi ya siku ni kama anaweza kukanyaga breki ya ghafla bila kusita kwa maumivu na kugeuka kuangalia nyuma bila kujikaza, na kama ameacha zile dawa kali za maumivu zinazoleta usingizi. Daktari wako ndo aseme, na bima nao waulizwe maana baadhi wana masharti yao. Akiwa abiria, mkanda wa chini upite chini ya kidonda, juu ya mifupa ya nyonga, na asiache kuufunga kwa sababu ya kidonda.

Watu wazima mkiwa wawili, mmoja akae nyuma pembeni ya mtoto. Huyo ndo kioo bora kuliko vile vioo vinavyotundikwa kwenye siti ya nyuma, ambavyo vikichomoka kwenye ajali vinageuka jiwe, na dereva anajikuta anaangalia kioo kuliko barabara. Ukiwa peke yako na mtoto akaanza kulia, kilio cha kichanga kimeumbwa kikuvuruge, na mwili wako utataka kugeuka. Gari likiwa kilomita 80 kwa saa, sekunde mbili za kugeuka ni mita 44 umeziendesha bila kuona. Kulia hakumdhuru kwa dakika chache mpaka upate pa kusimama salama, washa hazadi, zima gari, shuka, nenda kwake. Hakuna kumtoa kwenye kiti gari likiwa linatembea, iwe kumnyonyesha au kumbadilisha nepi, hata kama mmebakiza nyumba mbili. Mnyonyeshe kabla ya kuondoka, mcheulishe, mpe dakika chache, kisha mfunge, hiyo inapunguza vilio vingi kabla havijaanza.

Kuhusu joto. Gari lililozimwa na kufungwa likiwa juani linapanda joto kwa wastani wa nyuzi 22 ndani ya saa moja, na asilimia 80 ya huo mpando inatokea nusu saa ya kwanza, hata siku ambayo nje ni nyuzi 22 tu na watu wanaiona ya kawaida. Kuacha kioo wazi kidogo hakubadilishi kitu cha maana. Mwili wa mtoto mdogo unapanda joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo hakuna cha kumwacha dakika mbili unanunua kitu. Kufunika kiti kizima kwa shuka ili asipigwe na jua nako kunazuia hewa, weka kizuia jua cha dirishani badala yake, na kabla ya kumweka gusa vyuma na vifungio kwa nyuma ya mkono wako.

Na wanaosahau mtoto kwenye gari sio wazazi wasiojali, naomba tuache kusema hivyo. Ubongo uliochoka unaendesha njia iliyozoeleka kwa mazoea, mpango mpya wa leo unafutika, na kiti kinachoangalia nyuma chenye mtoto aliyelala ukikiangalia toka siti ya dereva hakina tofauti na kisicho na mtu. Weka kitu ambacho huwezi kushuka bila hicho, simu, pochi, hata kiatu kimoja, pale nyuma karibu na miguu yake, kila safari, hata ukiwa na uhakika kiasi gani. Na anayempokea mtoto, kama ni mlezi au bibi, akubaliane na wewe kupiga simu mtoto asipofika saa mliyopanga.

Kiti cha mtumba kwa mtu unayemjua historia yake kinakubalika, cha mtu usiyemjua hapana, kwa sababu kiti kilichopata ajali kinaweza kuwa na nyufa za ndani zisizoonekana. Angalia tarehe ya kutengenezwa kwenye stika ya chini au mgongoni, viti vingi vina umri wa miaka 6 hadi 10 kutegemea na aliyekitengeneza, plastiki inachoka kwa joto na baridi la gari. Stika ikiwa imebanduka kiache. Ukipanda teksi, viti vingi vya kichanga vinaweza kufungwa kwa mkanda wa gari bila lile kalio lake la chini linalobaki limefungwa kwenye gari, jifunze hiyo njia ukiwa nyumbani mtoto hajazaliwa bado, gari limesimama sehemu tambarare na una muda, na ujaribu kwa mdoli au mfuko wa unga wa kilo tatu mpaka mikono iizoee.